Upepo wa Tairi na Upepo wa Breki

Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga, na sisi walimu tumeisahihisha methali hiyo katika insha nyingi hata tukadhani kwamba tumeielewa. Mimi niliielewa Desemba iliyopita tu, nikiwa nimeketi ndani ya gari lisilo na paa, nyuma ya lori, huku mwenye gari akikanyaga breki na breki haishiki. Ningependa, ndugu msomaji, kukueleza namna nilivyofika hapo, maana kosa halikuwa la gari wala la fundi. Lilikuwa kosa langu, nalo lilikuwa kosa la lugha.

Mwalimu aliyenifundisha Kiswahili katika shule ya upili, ambaye sasa amestaafu, alirithi gari la marehemu nduguye. Ni gari la spoti la aina ya MGB, lililoundwa Uingereza katika mji wa Abingdon, ambako magari ya aina hiyo yalitengenezwa tangu 1962 hadi 1980. Lina viti viwili, injini yenye ujazo wa lita 1.8, na paa la turubai ambalo hukunjwa nyuma ya viti. Lilikuwa limekaa miaka kadhaa bila kwenda mbali. Shemejiye Mwalimu, mjane wa marehemu, anaishi Mombasa, naye aliomba apandishwe gari hilo mara moja tena kabla halijauzwa. Mwalimu akaamua kulipeleka mwenyewe kwa barabara, kilomita zipatazo 480, na akaniomba niwe mwenzake wa safari.

Safari ya namna hii haiandaliwi kama safari ya basi. Gari la wazi ni zuri asubuhi, lakini adhuhuri katika nyika ya Tsavo jua humchoma dereva utosini bila huruma, na upepo humkausha koo asijue kwamba ameishiwa na maji mwilini. Kofia yenye kamba ya kidevuni, miwani, nguo ya mikono mirefu na maji ya kunywa ya kutosha si anasa hata kidogo. Paa nalo lazima likunjuliwe na kukunjwa mara kadhaa nyumbani, kwani mvua haitasubiri msafiri ajifunze vifungo vyake kando ya barabara. Buti ni dogo mno. Atakayebeba masanduku mawili atalazimika kuacha jeki nyumbani. Isitoshe, gari lenyewe ni fupi, na dereva wa lori aliyekaa juu huenda asilione kamwe ubavuni pake. Kwa hiyo taa huwashwa hata mchana, na dereva hakai mahali ambapo haoni kioo cha pembeni cha lori.

Kisha kuna uzee wa vitu. Tairi linaweza kuwa na meno mazima ilhali mpira wake umekwisha umri. Ubavuni mwa tairi huchapwa tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2309 liliundwa katika juma la 23 la mwaka 2009, na halifai kwenda Mombasa hata likiwa linang'aa. Mipira ya rejeta hupasuka vivyo hivyo, kwa umri. Hapa Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, na ndiyo maana kifuniko cha rejeta kinachobana barabara ni kitu kidogo chenye kazi kubwa. Mkanda wa feni, plagi, kebo ya klachi au mpira wake, balbu, vibao vya pembetatu vya tahadhari, kizima moto na sanduku la huduma ya kwanza: yote haya tuliyaorodhesha.

Nilipokuwa nikiandika orodha hiyo nilifurahi kugundua kwamba lugha yetu ni kongwe katika jambo hili kuliko motokaa. Tunaposema usukani, tunatamka neno lililotoka Kiarabu, ambako sukkan ni msukani wa chombo cha baharini. Abiria alikuwa mvukaji kabla hajawa mtu wa matatu. Chakula na matumizi ya njiani yana jina lake la zamani, masurufu. Nahodha wa jahazi aliyengoja kaskazi hakungoja mikono mitupu: alikipandisha chombo pwani, mianya ya mbao ikazibwa kwa kalafati, ubao ukapakwa sifa, tanga likatazamwa kiraka kwa kiraka. Kazi hiyo ilikuwa na istilahi zake, na kila baharia alizijua kwa maana moja. Aliyeambiwa shika hili hakushika lile.

Gari tulilipeleka kwa fundi mmoja karibu na Barabara ya Kirinyaga, mzee mwenye uzoefu wa miaka mingi. Jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kuziweka kando spana zake za kawaida. Gari hili, alituambia, ni la inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, spana nambari 13 hukaribia kutosha, na huko kukaribia ndiko kunakoharibu nati. Inayokosa kabisa haidhuru, kwani utaitupa utafute nyingine. Nililiandika neno hilo katika daftari langu, nikadhani kwamba nimelipata somo la siku.

Siku mbili baadaye fundi alinipigia simu, kwa kuwa ya Mwalimu haikupatikana. Akaniambia: "Daktari, mwambie Mwalimu gari lina upepo. Asilichukue kabla sijautoa." Nikampata Mwalimu, nami, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, nikampa tafsiri badala ya maneno. Nikamwambia kwamba fundi asema tairi zimejazwa upepo kupita kiasi. Mwalimu akajibu kwamba hilo ni jambo dogo, tutalipima kituoni. Tulipofika gerejini fundi alikuwa ametoka, na kijana wake, ambaye hakuwa na habari, akatukabidhi ufunguo. Tukapita kituo cha petroli, tairi zikapunguzwa upepo hadi kipimo kilichoandikwa kitabuni, na tukashika Barabara Kuu ya Mombasa kulijaribu gari hadi Athi River.

Kwenye mteremko mmoja lori lililotutangulia lilipunguza mwendo. Mwalimu akakanyaga breki, na kanyagio likazama hadi sakafuni kama mguu kwenye tope. Namshukuru Mungu kwamba mzee huyu alijifunza udereva zamani. Alikanyaga tena na tena kwa haraka, akarudisha gia, akavuta breki ya mkono na kulitoa gari pembeni. Tulisimama hatua chache kutoka kwenye tela la lori. Hakuna aliyesema neno kwa muda, na kwa kuwa gari halikuwa na paa, niliwasikia ndege.

Upepo aliousema fundi ulikuwa hewa iliyoingia katika mirija ya breki. Mafuta ya breki hayashindiliki. Yakisukumwa upande mmoja husukuma upande wa pili. Hewa hushindilika. Ikiwa imo mrijani, nguvu ya mguu huishia katika kuibana hewa, na gurudumu haliguswi. Mafuta hayo pia hufyonza unyevu kadiri miaka inavyopita, na yakipata joto la mteremko mrefu, unyevu huo huweza kuchemka na kufanya mvuke, yaani upepo mwingine. Dawa yake ni kubadilisha mafuta na kuutoa upepo wote, gurudumu moja baada ya jingine.

Tulirudi Nairobi juu ya gari la kuvuta magari. Nilimwendea fundi nikitaka kujitetea. Nilimweleza kwamba neno upepo lina maana mbili katika gereji yake, na kwamba istilahi yenye maana mbili ni hatari. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Daktari, upepo wa tairi ukizidi hupunguzwa. Mimi nilisema kutoa. Nani aliyewahi kutoa upepo wa tairi halafu akasafiri?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Kila mwaka nawaambia wanafunzi wangu kwamba maana ya nomino huamuliwa na kitenzi kinachoandamana nayo na muktadha unaoizunguka. Fundi alikuwa ameitunga sentensi yake sawasawa, kwa kitenzi kilichofaa. Mimi ndiye niliyeisikia nusu, nikachukua maana iliyokuwa karibu na mkono wangu, nikalazimisha spana ya 13 kwenye nati ya nusu inchi. Na kwa nini sikumuuliza? Kuuliza si ujinga, lakini msomi huona haya kumuuliza mtu wa mikono yenye grisi. Haya hiyo ilikaribia kutuua watu wawili.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Ni heshima kubwa. Lakini mwanafunzi anayejua kuchambua tamathali za usemi na hawezi kuandika maagizo sita ya kubadilisha gurudumu, kwa mpangilio ambao mtu mwingine ataufuata bila kuumia, tumemfundisha nusu ya lugha. Kitabu cha gari la Mwalimu kimeandikwa kwa Kiingereza, na fundi anayelijua gari hilo hufikiri na kuamuru kwa Kiswahili. Kati yao kuna pengo, nasi wenye kalamu ndio tuliopaswa kulijengea daraja. Kutunga istilahi ofisini hakutoshi ikiwa aliye uvunguni mwa gari ana neno lake tayari, nalo linafanya kazi.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Wapelekeni wanafunzi gerejini, kwa fundi wa baiskeli, kwa seremala, wakiwa na daftari. Wayaandike maneno pamoja na vitenzi vyake: nini hutiwa, nini hutolewa, nini hukazwa na nini hulegezwa. Wakirudi darasani waandike maagizo, kisha mwanafunzi mwingine ayatekeleze mbele ya wote. Kosa la lugha litaonekana hapo hapo, bila kalamu nyekundu. Nanyi wanafunzi, mkitumwa ujumbe, ufikisheni kwa maneno ya aliyewatuma kwanza. Fasiri yenu ifuate baadaye.

Safari tuliifanya baada ya juma moja. Tuliondoka Nairobi alfajiri, tukapumzika Mtito Andei, ambako ni kama nusu ya njia, tukalifunika paa jua lilipopanda, na tukaingia Mombasa jioni. Shemejiye Mwalimu alipandishwa gari akiwa na mtandio kichwani, akazungushwa mjini paa likiwa wazi, naye hakusema mengi. Kabla ya kuondoka Nairobi fundi alikuwa amenifanya nirudie maagizo yake yote, moja baada ya jingine, kama mtoto wa darasa la kwanza. Niliyarudia yote, kwa maneno yake.