Injini Huchaguliwa na Boti

Mtu wa Sori, Muhuru Bay au Mbita akisema anatafuta injini ya boti, swali la kwanza atakaloulizwa ni nguvu za farasi: kumi na tano au arubaini? Swali hilo linaeleweka, maana namba imeandikwa kubwa kwenye kifuniko na kila aliye ufuoni anaiona. Lakini namba hiyo haisemi lolote kuhusu chombo kitakachobeba injini, na hoja yangu ni kwamba chombo ndicho kinachoamua. Mwenye boti hulipa tu.

Boti nyingi za mbao za Homa Bay na Migori ni za aina ya sese, muundo uliotokana na visiwa vya Ssese upande wa Uganda: ndefu, nyembamba, zenye mkuku. Boti ya namna hii ikipakia mzigo hupasua maji, haitelezi juu yake. Husukuma wimbi moja mbele na kuacha jingine nyuma, na kasi ikizidi mawimbi hayo huachana mpaka boti ijikute imelala katikati yake, omo juu na shetri chini, kama lori linalopanda kilima kisicho na kilele. Mhandisi Mwingereza William Froude alilichunguza jambo hili miaka ya 1870 kwa vielelezo vidogo vya meli katika hodhi alilojenga Torquay. Hesabu iliyotokana na kazi hiyo ni nyepesi: chukua urefu wa boti pale inapogusa maji, kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4.5. Boti ya mita 9 inapata kilomita 13.5 kwa saa. Ikiwa na uzito wa tani mbili hivi, ukijumlisha watu, nyavu, barafu na samaki, injini ya farasi 15 yenye propela inayofaa huifikisha karibu na hapo. Ukifunga ya 40, kasi itaongezeka, ndiyo, kwa kuwa boti nyembamba huvuka mpaka huo kidogo. Ila sehemu kubwa ya petroli ya ziada itaishia kwenye mawimbi.

Kosa hili si la wavuvi peke yao. Wanaounda nakala za magari ya michezo ya zamani, hasa AC Cobra, hubishana miaka nenda miaka rudi kuhusu injini gani waweke. Cobra yenyewe ilizaliwa mwaka 1962, Mmarekani Carroll Shelby alipochukua gari jepesi la Kiingereza lililokuwa likitumia injini ya lita mbili na kulitia injini ya Ford yenye silinda nane. Mambo yalikwenda vizuri. Alipotaka ile ya lita saba, ilibidi fremu iundwe upya, yenye mabomba manene zaidi na springi za aina nyingine, na gari hilo likatoka mwaka 1965. Anayenunua injini kubwa bila kugusa fremu amenunua nusu ya gari, na si nusu iliyo bora.

Wavuvi wana jibu lao, na ni jibu zito. Ziwani kuna dhoruba za usiku, kuna wezi wa injini, na kuna safari ndefu za mbuta: kutoka Muhuru Bay hadi Migingo ni mwendo wa saa mbili hivi, na barafu haimsubiri mtu. Nguvu za ziada, wanasema, ni bima. Nakubali kwa boti inayorudi tupu au yenye mzigo mwepesi. Lakini injini ya mipigo miwili ya farasi 15 ina uzito wa karibu kilo 40, na ile ya 40 hupita kilo 70. Uzito huo wote unaning'inia kwenye ubao wa shetri, mahali ambapo wimbi la nyuma huingilia. Tena ile ndogo wanaume wawili huibeba hadi nyumbani jioni. Kubwa mara nyingi hulala pale pale ufuoni, na mwizi analijua hilo.

Baada ya ukubwa huja aina. Injini ya mipigo miwili ndiyo iliyozoeleka: petroli lita 25, oili nusu lita, tikisa, washa. Fundi hufungua kabureta na plagi kwa vifaa vinavyoenea kwenye mfuko mmoja. Tatizo lake ni kwamba sehemu ya mafuta, hata robo, hutoka kwenye ekzosi bila kuungua. Ziwa Tahoe la Marekani lilipiga marufuku injini hizo za kabureta mwaka 1999. Kwetu maji yanayopokea mafuta hayo ndiyo yanayotekwa kwa ndoo za kunywa, na sijui kwa nini jambo hilo husemwa kwa nadra. Injini ya mipigo minne hula mafuta kidogo, ingawa ni nzito zaidi na huhitaji fundi aliyeisomea. Kwa boti ya abiria inayokwenda Mfangano na kurudi kila siku, petroli inayookolewa inaweza kulipa tofauti ya bei. Kwa mvuvi anayeiwasha kwa muda wa saa moja alfajiri na saa moja jioni, sioni haraka. La maana zaidi kwake ni ule mchirizi wa maji unaotoka ubavuni mwa injini: ukikatika, magugu maji au mchanga umeziba njia ya kupoza, na hapo farasi 15 na farasi 40 huungua sawasawa.

Sasa mota za umeme zimeanza kukodishwa Mbita, mji ambao wavuvi wake wa omena walianza kukodi taa za kuchajiwa kwa jua mwaka 2008. Watu huzicheka kwa sababu ya betri, na cheko hilo lina msingi: farasi 15 ni kilowati 11, na betri ya kuzilisha kwa saa moja tu ina uzito wa kilo 70 au zaidi. Lakini kwa boti inayopasua maji, ukipunguza kasi kwa nusu, nguvu inayohitajika hushuka hadi karibu sehemu moja tu kati ya nane, au hata chini ya hapo. Mvuvi wa omena anayetegesha taa karibu na ufuo, kisha kungoja, hana haja ya kilomita 13 kwa saa. Aulize betri ina kilowati-saa ngapi, azigawe kwa kilowati za mwendo wake wa kawaida, kisha aondoe theluthi kwa ajili ya upepo wa mbisho. Jibu likimtosha kwenda na kurudi, achukue. Wa mbuta, mwenye safari ya Remba au Migingo, bado petroli ndiyo yake, na ya 15 kwanza.