Makao ya Wazee Hayaanzi na Saruji

Kamati ya kanisa ikiketi kupanga makao ya wazee, mchoro wa jengo hutangulia chai mezani. Vyumba vitakuwa vingapi, kikanisa kitatazama upande gani, harambee itafanyika lini na mgeni wa heshima atakuwa nani. Swali la nani ataamka saa nane usiku kumgeuza mgonjwa kitandani huachiwa ajenda ya mwisho, ile ya mengineyo, wakati watu wanatafuta kofia zao.

Mathare, Nairobi, haina nafasi ya mpango wa namna hiyo, kwa maana zote mbili za neno nafasi. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu laki mbili katika kaunti ndogo hiyo, iliyobanwa kati ya Eastleigh na Barabara Kuu ya Thika. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipopita bondeni yakiwa yameua watu na kusomba nyumba, serikali ilileta tingatinga kubomoa zilizosalia kando ya mto. Mwenye nia ya kujenga hapo atachimba msingi juu ya keja za watu.

Upande wa Kasarani, si mbali na Mathare, kuna Nyumba ya Wazee inayoendeshwa na masista wa Kikatoliki wanaojiita Masista Wadogo wa Maskini. Shirika lao lilianza Ufaransa mwaka 1839, pale Jeanne Jugan alipomchukua ajuza kipofu asiye na mtu, akampa kitanda chake mwenyewe. Kinachonivutia zaidi ni uamuzi wao wa mwaka 1865: walikataa kuishi kwa mapato ya kudumu. Hakuna nyumba za kupangisha, hakuna mtaji wa kuzaa riba. Sista huchukua kapu na kwenda kuomba sokoni na madukani.

Mhasibu yeyote angeshika kichwa. Lakini hao ndio wenye mpango thabiti kuliko wengi wenye vitabu vya kurasa mia. Wanajua wanamlenga nani: maskini aliyefikisha miaka 60, awe wa dini yoyote. Wanajua watamtunza mpaka lini: mpaka afe. Na zamu ya usiku ina wenyewe, kwa kuwa masista wanaishi humo humo. Pesa ndiyo pekee wanayoiacha mikononi mwa Mungu. Mengine yote yamepangwa.

Hata hivyo, vitanda vina mwisho, na shosho wengi wa Mathare wasingekwenda hata wakiitwa. Anayelea wajukuu watatu baada ya mama yao kufariki atawaacha na nani? Anauza sukuma wiki mlangoni, anajua nani atamkopesha mtungi wa maji. Ukimhamisha unamtoa katika chumba kibovu, ndiyo, na pia katika kila kilichokuwa kikimshikilia.

Kwa hiyo kanisa la Mathare lingeanza na kile lilicho nacho tayari. Tangu miaka ya 1970, maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipozifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa parokia, majirani wamekuwa wakikutana kila wiki nyumba kwa nyumba. Jumuiya inajua ni mzee yupi hajaonekana tangu Jumapili, na yupi hawezi tena kushuka ngazi kwenda choo cha kulipia. Daftari la mambo hayo lina faida kuliko mchoro wa msanifu.

Daftari hilo lingefichua pia pengo ambalo serikali imeliacha wazi. Katiba ya 2010 inamwita mzee yeyote aliyepita miaka 60, na Kifungu cha 57 kinamwahidi matunzo ya familia na ya Serikali. Lakini Sh2,000 za mpango wa serikali wa Inua Jamii kwa mwezi zinamngoja mpaka afike 70. Miaka hiyo kumi mgongo hauruhusu tena kazi ya mjengo, na landilodi hapunguzi kodi. Hapo ndipo sadaka ingefanya kazi kubwa kuliko kwenye jiwe la msingi.

Kisha kuna mazishi, ambayo kamati huona aibu kuyataja. Mathare ina wazee ambao familia zao zilipoteza ardhi enzi za Hali ya Hatari ya wakoloni, wengine hawana ushago wa kurudishwa. Makaburi ya umma ya Lang'ata yalitangazwa kujaa miaka mingi iliyopita. Muislamu ana msikiti na desturi ya kuzika upesi. Mkristo asiye na shamba huachia majirani kuchangisha huku ada ya mochari ikipanda kila siku. Fomu ya kumsajili mzee, hata kwa huduma ya kutembelewa tu, iulize anataka azikwe wapi na nani apigiwe simu. Ijazwe mapema, akiwa bado na nguvu ya kubishana na anayeijaza.