Mfuko wa Kila Karani Ndani ya Kompyuta

Msimu wa kahawa unapofika hapa Nkwenda, wakulima hujipanga na magunia yao mbele ya mzani. Chukueni mfano kwamba makarani ni wanne, na wote wanaandika kilo katika karatasi moja. Wa kwanza anaandika 62. Kabla hajaisoma ili kuiandika katika stakabadhi, wa pili amekwisha kuifuta na kuandika 48. Mzee wa watu anarudi nyumbani amepunjwa kilo 14, wala hakuna aliyeiba.

Ndivyo yanavyotokea ndani ya kompyuta. Programu moja huweza kufanya kazi nyingi kwa pamoja kwa kutumia nyuzi. Uzi ndiye karani wetu: hutekeleza amri zake mwenyewe, lakini kumbukumbu ni ya nyuzi zote. Dawa ni kumpa kila karani mfuko wake.

Katika Windows, programu hupeleka ombi kwa mfumo wa uendeshaji kwa wito uitwao TlsAlloc, nao hujibu kwa namba tu, tuseme 5. Namba hiyo ni moja kwa nyuzi zote, ila kilichomo si kimoja. Uzi ukiita TlsSetValue, hutia kitu katika mfuko wa 5 ulio wake. Ukiita TlsGetValue, hukisoma kile kile chake, si cha jirani. Mifuko nayo ina kikomo: programu inapoendeshwa huahidiwa 64 kwa uchache, wala haizidi 1,088. Kwenye Linux wito wa kuomba namba ni pthread_key_create.

Kuna jambo ambalo wengi hulisahau (hata mimi lilinipotezea siku mbili). Mfukoni kwa kawaida huwekwa anwani ya kitu, si kitu chenyewe. Wito wa TlsFree hurudisha namba, lakini haufagii kilichoelekezwa na anwani ile. Hicho hubaki kikijaza kumbukumbu bure.

Lililo baya zaidi ni hili. Kompyuta inayohudumia watu wengi haiwafukuzi makarani wake kila mteja anapoondoka, bali huwapa mteja mwingine. Hesabu za wa kwanza zikisalia mfukoni, wa pili huenda akasomewa fedha zisizo zake. Kwa hiyo mwandishi wa programu hana budi kuusafisha mfuko kila mteja anapomaliza, kabla uzi haujamwita anayefuata.