Je, Wajua? Mji wa Ngome Chini ya Uluguru

Je, wajua kuwa msafiri asiyejaliwa nauli ya kwenda Hispania kutazama kuta za Ávila, anaposhuka Morogoro hukanyaga ardhi iliyopata kuwa na mji wake wenyewe wa ngome? Kabla Wajerumani hawajaja, Kisabengo, mtawala aliyeogopewa katika njia ya misafara iendayo bara, alijenga hapa mji uliozungukwa na ukuta wa mawe, nao ukajulikana kwa jina la Simbamwene, jina alilopewa pia binti yake aliyemrithi utawala. Mwaka 1871 alipita Henry Morton Stanley akienda kumtafuta Livingstone, akaandika habari za minara minne ya mawe pembeni, na malango manne yenye milango ya mbao ngumu iliyotiwa nakshi kwa ufundi wa Kiarabu. Aliporejea mwaka 1872, gharika ya mto Ngerengere ilikuwa imekwisha kuuchukua ukuta wa mbele pamoja na nyumba nyingi.

Reli ya Wajerumani ilifika mwaka 1907, na athari zao zingali zaonekana, hasa nyumba ya Morningside iliyo kwenye mteremko wa milima ya Uluguru, ambayo wageni huiendea kwa miguu alfajiri, kungali na baridi. Ni matembezi mazuri, sikatai. Walakini naona ni dhuluma kumwonyesha mgeni nyumba ya mkoloni na kumfichia habari za Kisabengo na bintiye. Ewe mwenyeji wa Morogoro, umpandishapo mgeni mlimani, mtajie kwanza Simbamwene.