Nani Anaumaliza Wimbo?

Tunapotofautisha rekodi ya jukwaani na ya studio, mara nyingi tunasikilizia makofi: yakisikika ni jukwaani, yasiposikika ni studio. Kipimo hicho kinapotosha, na muziki wa Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, unaonyesha sababu. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Jadotville, yaani Likasi ya leo, akiwa na mitambo yake ya kurekodi, akamnasa kijana Jean Bosco Mwenda akiimba na kupiga gitaa katika "Masanga". Hapakuwa na studio wala fundi wa kuunganisha vipande. Kilichopigwa ndicho kilichohifadhiwa. Hata hivyo santuri za siku zile, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba kama dakika tatu tu kila upande, na wimbo ilibidi utoshe humo. Mwenda alikuwa akigeuzageuza mwendo wa vidole kila aliporudia mzunguko, hata mtaalamu wa muziki David Rycroft, alipouchambua upigaji wake katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, aliuita ubunifu wa papo kwa papo. Muziki wa namna hiyo unaweza kuendelea kadiri mpigaji apendavyo. Hapa aliyeumaliza ni santuri.

Ndiyo maana naona swali la maana kwa rekodi yoyote ni hili: nani alikuwa na uwezo wa kuumaliza wimbo? Karindula, muziki mwingine wa Katanga, inalijibu kwa njia yake. Ala inayoupa muziki huo jina ni banjo kubwa mno, la pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi na nyuzi nne. Mwaka 2011 kampuni ya Crammed Discs ya Brussels ilitoa The Karindula Sessions, sauti pamoja na filamu, kazi aliyoirekodi Vincent Kenis hadharani Lubumbashi. Humo zimo bendi za BBK, Bena Ngoma, Bana Lupemba na Bena Simba, na hakuna mwenye haraka. Mwimbaji anaita, wenzake wanaitikia, wachezaji wanaingia uwanjani, mdundo unapanda, na kila watu wanapochangamka wimbo unapata sababu ya kusonga mbele. Ukiukata uwe wa dakika nne kwa ajili ya redio, hupati karindula fupi. Unapata mwanzo wake tu.

Bendi za roki ya progresivu za Uingereza, ambazo nazo zilipenda nyimbo ndefu, zinaisaidia hoja hii. Yes waliitengeneza "Close to the Edge", ya dakika 18 na ushei, studioni mwaka 1972 kwa kuunganisha vipande vya utepe, kisha wakajifunza kuipiga nzima mbele ya watu. Katika Yessongs ya 1973 urefu wake karibu haukubadilika: umati upo, lakini studio ndiyo inayoongoza. King Crimson walikwenda kinyume. Sehemu kubwa ya Starless and Bible Black ya 1974 ilitoka jukwaani, kisha kelele za watazamaji zikaondolewa. Makofi hayapo, jukwaa limo.

Kuna atakayesema kwamba mipaka huzaa ufundi, na kwa Mwenda ana haki. Dakika tatu zilimzuia kupoteza hata noti moja, na wapiga gitaa wa nchi nyingi wamejifunza kutokana na "Masanga". Studio nayo ina faida yake: albamu ya studio aliyoirekodi Cape Town mwaka 1988 ina usafi wa sauti ambao gitaa la mtu mmoja linauhitaji. Mwingine atasema Kenis naye alichagua pa kuweka maikrofoni na pa kukata. Bila shaka. Lakini mkato wa baadaye unapunguza jambo lililokwisha kutokea kati ya wapigaji na umati, wakati santuri ililizuia lisitokee kabisa. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la msikilizaji aliyekaa nyumbani, ambaye wimbo mrefu bila kuwaona wachezaji unamchosha. Nalikubali, na nadhani ndiyo sababu kubwa ya kuwepo kwa ile filamu. Karindula inatazamwa kama inavyosikilizwa, kwa hiyo mtayarishaji wa Lubumbashi anayetaka kuihifadhi aanze na kamera uwanjani, na awaachie wapigaji na watu wao waamue wimbo uishie wapi.