Kaboni Haitaki Meno: Kufupisha Mishale Nyumbani kwa Gharama Ndogo

Nyuti nyingi za kaboni hutoka kiwandani zikiwa na urefu wa inchi 30 hadi 33, na wapiga upinde wengi huhitaji pungufu ya hapo. Aliye karibu na duka la mishale hukatiwa papo hapo. Aliyeagizia kifurushi kutoka mbali hubaki na dazeni ya nyuti ndefu mezani, asijue azikate kwa kifaa gani. Mashine maalumu ya kukatia mishale ipo, ila mara nyingi bei yake hufikia au hupita ya dazeni yenyewe. Kwa mtu anayekata mishale mara moja au mbili kwa mwaka, sioni sababu ya kuinunua. Akiijua tabia ya kaboni, vifaa vya kawaida vinamtosha.

Uti huo ni bomba jembamba la nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa rezini, na sehemu kubwa ya nyuzi hizo imelala kwa urefu. Ndiyo maana hustahimili kupindwa kila uzi wa upinde unapoachiwa, lakini ukiubana ukuta wake au ukiung'ata kwa meno ya msumeno hupasuka kwa urefu kama mwanzi. Hapo ndipo vifaa viwili ambavyo watu huvikimbilia huharibu kazi. Msumeno wa chuma hunyofoa nyuzi. Kikatio cha mafundi bomba, kile chenye kigurudumu kinachokazwa kidogo kidogo, hukandamiza ukuta mpaka rezini ipasuke, na nyufa zake mara nyingine hazionekani kwa macho. Mshale wa namna hiyo unaweza kuvunjika uzi unapoachiwa, vibanzi vikazama kwenye mkono ulioshika upinde. Watengenezaji wakionya juu ya jambo hili hawajikingi na mahakama tu.

Kaboni inataka kusagwa, kwa kasi kubwa na nguvu kidogo. Diski nyembamba ya kukatia, ya milimita moja hivi, hufanya kazi hiyo. Grenda ndogo ya diski ya milimita 115 huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, hivyo ukingo wa diski hupita kwenye uti kwa mita 66 kwa sekunde. Kifaa kidogo cha kuchongea, cha aina ya Dremel, kina diski ya milimita 38 tu, lakini kikizunguka mara 30,000 kwa dakika ukingo wake hufikia mita 60, kwa hiyo hakiachwi mbali. Sasa chukua diski hiyohiyo uifunge kwenye drili ya kawaida yenye mizunguko 3,000: unapata mita 6. Kwa kasi hiyo utalazimika kusukuma, na ukisukuma umerudi kulekule kwenye kubana. Mashine ya mezani ya kukatia vigae, yenye diski ya almasi ambayo ukingo wake hauna mapengo, nayo inafaa, na maji yake hulaza vumbi. Fundi wa madirisha ya alumini atakwambia mletee, ni kazi ya dakika moja. Msumeno wake una meno. Mwombe vipande vya alumini vilivyobaki, utavihitaji.

Kabla ya kuwasha chochote, amua urefu, kwa sababu hapa ndipo pesa hupotea. Urefu wa mshale hupimwa kutoka ndani ya mfuo wa noki, pale uzi unapokaa, hadi uti unapoishia, chembe haihesabiwi. Vuta upinde kikamilifu ukielekea shabaha, na mwenzako, akiwa ubavuni na si mbele, atie alama kwenye uti usawa wa kiegemeo cha mshale. Kwa anayejifunza, ongeza inchi 2 mbele ya alama hiyo, maana mvuto wake utarefuka mwili ukizoea. Uti mfupi mno unaweza kuteleza ukaanguka nyuma ya kiegemeo, na mkono uko palepale.

Kukata hubadilisha pia ukakamavu. Namba iliyochapwa kwenye uti, tuseme 500, ina maana kwamba uti ukilazwa juu ya viegemeo viwili vilivyoachana inchi 28, kisha ukatundikiwa katikati uzito wa pauni 1.94, yaani gramu 880, hushuka inchi 0.500. Namba kubwa ni uti laini. Namba haibadiliki ukikata, ila mwenendo wa mshale hubadilika, kwa kuwa upindaji hufuata urefu uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Fanya hesabu: uti wa inchi 30 ukifupishwa hadi 28, kwa mzigo uleule, upindaji wake hupungua karibu moja ya tano. Katika majedwali ya wauzaji, inchi moja huhesabika takriban sawa na pauni 5 za mvuto. Kwa hiyo aliyenunua uti laini kidogo anaweza kuurekebisha kwa kukata, na aliyenunua mgumu hana cha kufanya kupitia urefu.

Mimi humshauri mtu akate nyuti mbili au tatu tu kwanza, tena aziache ndefu kidogo, na mmoja asiubandike manyoya. Kwa mpiga upinde wa mkono wa kulia, uti usio na manyoya ukitua kulia kwa wenzake ni laini mno, basi punguza robo inchi ujaribu tena. Ukitua kushoto ni mgumu, weka diski chini. Nyuti zenye tumbo, kama X10 ya Easton, ambazo ni nene katikati na nyembamba ncha zote mbili, zikatwe kwa maelekezo ya mtengenezaji pekee, kwani ncha ipi imekatwa ina maana kubwa.

Kifaa cha kuongozea ndicho kinachotofautisha kazi safi na ya kubahatisha. Funga grenda au kile kifaa kidogo kwenye meza kwa jiliwa, kinga yake ikiwa mahali pake. Kinachosogea ni uti, si mashine. Uti ulale kwenye kipande cha alumini chenye umbo la L kilichogeuzwa kama hori, na mwisho wa hori pigilia kizuizi cha mbao ambacho kitako cha uti kitagusa kila mara. Dazeni nzima itatoka urefu mmoja bila kupima tena. Zungushia tepu ya karatasi mahali pa kukata, sogeza uti taratibu hadi diski iguse, kisha uuzungushe kwa vidole vilivyo mbali na diski. Lengo ni kuukata ukuta kwa mzunguko. Ukipitisha diski moja kwa moja kutoka upande hadi upande, nyuzi za mwisho hubanduka.

Vumbi ni habari nyingine, na kama una fedha ya kununua kitu kimoja kizuri, nunua barakoa ya N95 au FFP2. Vumbi la kaboni huwasha ngozi na macho, halifai kuvutwa pumzi, na hupitisha umeme, kwa hiyo likiingia kwenye mota au kompyuta huweza kuleta shoti. Kata nje, vaa miwani ya kinga na mikono mirefu, futa kwa kitambaa kibichi. Ufagio hulirusha tu.

Mwisho uliokatwa ukishasawazishwa, chembe hukaa wima. Paka ncha wino wa fedha, lalisha uti kwenye hori, uzungushe dhidi ya kibao chenye msasa namba 320. Wino ukifutika pande zote, ncha imenyooka. Ukibaki upande mmoja, endelea. Pitisha pamba kwenye mkato: ikinasa, kuna nyuzi zimesimama. Safisha ndani kwa kijiti cha pamba chenye spiriti, acha ikauke, kisha gundisha kile kijibomba cha alumini kinachopokea chembe kwa epoksi. Usiupashe uti moto, rezini haipendi joto.

Baada ya epoksi kukauka, shika ncha mbili za uti mbali na uso, uupinde kidogo huku ukiuzungusha, na sikiliza. Fanya hivyo pia kila mshale unapogonga kitu kigumu. Uti unaolia hauna dawa. Ukate vipande viwili kwa diski hiyohiyo kabla mtu mwingine hajauokota akidhani ni mzima.