Fenoli: Je, Ni Asidi au Ni Alkoholi?
Mwaka 1834 mkemia Mjerumani Friedlieb Ferdinand Runge alitoa katika lami ya makaa ya mawe kitu alichokiita Karbolsäure, yaani asidi ya mafuta ya makaa. Leo chaitwa fenoli. Mpanga istilahi hana budi kuuliza: je, jina la asidi lakistahili?

Fenoli na ethanoli, iliyo alkoholi ya pombe, zote zina oksijeni iliyoshika haidrojeni; na zote humenyuka na sodiamu zikatoa gesi ya haidrojeni. Lakini katika maji ya haidroksidi ya sodiamu, fenoli hugeuka chumvi, hali ethanoli haigeuki ila kidogo mno. Sababu ni kwamba fenoli ikiisha kupoteza protoni, chaji hasi iliyosalia huenea katika pete ya kaboni sita. Ya ethanoli hubaki juu ya oksijeni peke yake. Kwa hiyo uasidi wa fenoli wauzidi wa ethanoli kwa kadiri ya mara 1,000,000. Hata hivyo, fenoli haitoi povu katika bikaboneti ya sodiamu kama itoavyo siki.

Basi jina la Runge si la uongo, ila lakuza mno. Nalo jina la alkoholi lapunguza. Yafaa kushika “fenoli”.